Mtutu Mwembamba, Mtutu Mpana

Salmon, Idaho
4 Aprili 1993

Shemeji Delbert,

Salamu kutoka upande huu wa mlima. Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamika kila asubuhi. Wewe je? Na dada yangu Geneva hajambo?

Najua umelisoma jina kwenye bahasha mara mbili. Miaka mitatu si kidogo. Tangu Sikukuu ile ya Shukrani ulipoinua pai yako ya maboga mezani, haijakatwa hata kipande, ukaondoka nayo, sijapata mtu wa kuwinda naye elki, wale kulungu wakubwa wa mlimani. Nilikwenda peke yangu mara moja. Nikapika maharage, nikayala kimya, kesho yake nikarudi nyumbani.

Sasa nimenunua kipima-mwendo. Unakiweka mbele ya bunduki, risasi inapita juu yake, nacho kinakuonyesha futi kwa sekunde. Tuumalize ubishi wa siku ile kwa namba. Ganda la baruti la bunduki yangu na la yako ni karibu lile lile, langu limebanwa shingo tu lishike risasi nyembamba. Risasi za uzito mmoja, baruti kwa kipimo cha kitabu. Mimi nasema mtutu mwembamba ndio wenye kasi, kama mpira wa maji ukiubana kwa kidole. Wewe ulisema mpana. Tutaona.

Humu ndani mna fomu ya kibali cha kuwinda elki, ya watu wawili. Mwisho wa kuipokea ni tarehe tano Juni. Jina langu nimeshaandika.

Shemeji yako,
Orrin

Dillon, Montana
19 Aprili

Orrin,

Barua nimepata. Geneva hajambo, mimi pia.

Kumbe bado unao ule mpira wa maji. Maji ya bomba yanakuja tu, hayaishi. Baruti ni ile uliyoijaza, ikishaungua, basi. Gesi inasukuma kitako cha risasi, na kitako kikiwa kipana inapata pa kusukumia. Nilikueleza haya kwa uma na sahani, ukanicheka mbele ya watoto wangu.

Nipe namba kwanza. Fomu iko juu ya friji.

Delbert

Salmon
8 Mei

Shemeji,

Natumai mko salama. Goti afadhali. Roho ndiyo haiko sawa.

Mwembamba nilipiga mara tano: wastani futi 2,840. Kisha nikachukua bunduki ya jirani, yenye mtutu mpana kama wako. Darubini yake imekaa juu sana. Jicho langu likaona njia nyeupe, mtutu ukaona mashine. Nimekipiga risasi kipima-mwendo changu, katikati kabisa. Sijawahi kulenga vizuri namna hiyo maishani.

Kwa hiyo namba ya mpana sina. Ningeweza kubuni, usingejua. Lakini wewe si wa kudanganywa. Nimekukumbuka, Delbert, ndiyo shida yangu yote. Kama umekosea, njoo. Kama umepatia, jambo ambalo ni baya zaidi, njoo vilevile.

Shemeji yako,
Orrin

Dillon
29 Mei

Shemeji,

Samahani kwa kukawia. Wiki ya kwanza nilikuwa nacheka. Geneva alikuja mbio jikoni akidhani nimepaliwa. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa natafuta namna ya kukwambia hili.

Kipima-mwendo cha kwangu nilinunua mwaka juzi. Bunduki ya mtutu mwembamba niliazima kwa mchungaji wetu. Risasi uzito mmoja, kama ulivyosema. Mwembamba 2,846. Mpana 2,911. Nilipatia, Orrin, kwa futi sitini na tano.

Karatasi yenye namba hizo nimeibeba kwenye pochi miaka miwili. Nilimwonyesha Geneva, akasema, "Hongera, sasa katoe takataka." Kinyozi aliniuliza kama ni namba za bahati nasibu. Mtu wa kuielewa alikuwa mmoja tu, naye sikuwa nasema naye. Sijawahi kushinda ubishi nikakosa raha kiasi kile.

Na changu nilikipiga risasi siku hiyo hiyo. Usimwambie mchungaji, aliponiuliza kiko wapi nilisema kiliibiwa.

Fomu hii hapa, nimeandika jina. Kimbia posta.

Shemeji yako,
Delbert

Salmon
2 Juni

Shemeji,

Fomu imeondoka leo. Nililia kidogo pale posta. Msichana wa stempu akanipa tishu.

Karatasi yako lete Oktoba tukienda kuwinda. Nitaisoma kwa sauti mbele ya moto, mara mbili ukitaka, na nitasema ulipatia. Lete na pai, safari hii tuikate kabla hatujaanza kuongea.

Ila kuna kitu kimoja kinanisumbua tangu jana, maana mtutu mrefu nao huongeza kasi. Hiyo mitutu miwili uliyopimia, ilikuwa na urefu sawa?

Shemeji yako,
Orrin