Nayumba, Lakini Sijanywa

Jumapili, 5 Juni 1994

Nimerudi kanisani. Nimeinjika maharage, nimekaa kwenye kigoda napepeta mtama. Nikikaa nafanya kazi kama zamani. Kusimama ndiko taabu. Mguu wa kushoto unakwenda unakotaka wenyewe. Leo ulimi nao ulikuwa mzito kwenye Sala ya Bwana, mama wa mbele yangu akageuka kunitazama.

Hata hivyo namshukuru Mungu. Alizeti imejaa ghalani. Neema, kitindamimba wangu, anaolewa mwezi ujao. Nataka kuiona siku hiyo nikiwa bado natembea.

Jumatano, 8 Juni

Wamekuja wazee wa kanisa wawili. Chai hawakunywa. Eti nimeonekana nikitoka upande wa kilabuni nikiyumba, na kanisani naongea kama mtu mwenye pombe ya mtukuru kichwani. Nimewekwa kando. Nisiikaribie Meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya usharika. Na ndoa ya Neema haitatangazwa mpaka hapo.

Tangu nibatizwe sijaonja pombe. Kilabu kipo njia ya kisimani, nipite wapi? Mzee Samweli akasema, "Mama Neema, mwanamke akiyumba asubuhi, sisi tuseme nini?"

Nilitaka kucheka. Walipoondoka nikalia.

Alhamisi, 9 Juni

Kwa nini sikuwaambia? Najijibu hapa, maana hakuna wa kumjibu.

Mwaka jana daktari wa hospitali ya misheni alinitembeza kwenye mstari kama mtoto. Akaniambia nifumbe macho niguse pua. Nikagusa shavu. Akasema kuna sehemu ya ubongo inayozuia mwili usianguke, na yangu inasinyaa. Dawa hakuna. Itakwenda polepole, miguu, ulimi, mikono. Akauliza kama kuna mwingine mwenye ugonjwa huu kwenye ukoo wetu. Nikasema simjui. Akasema huenda ni wa kurithi, huenda siyo, hawezi kujua.

Baba Neema akasema tunyamaze mpaka binti aolewe. Wakwe wakisikia ugonjwa wa ukoo watarudi nyuma. Nikakubali. Tunajua mimi, yeye na Neema tu.

Jumatatu, 13 Juni

Baba Neema hayupo. Siku hizi wanunuzi wa alizeti wanakuja na malori mpaka hapa kijijini, kila mmoja na bei yake, lakini yeye anaamini Singida mjini ni afadhali. Amekwenda na magunia. Kabla ya kuondoka alisema, "Tubu tu, mama. Ni maneno."

Jioni Neema akiosha vyombo, hakunitazama. "Mama, pombe inasameheka. Ugonjwa wa ukoo atausamehe nani?"

Nimemzaa mwenyewe. Ameniumiza. Na anasema kweli.

Ijumaa, 17 Juni

Nimefunga. Nimeomba. Sijasikia kitu.

Wiki nzima hakuna mwanamke aliyepita hapa hata kuomba moto. Nimeanguka karibu na jiko. Nikabaki palepale chini, kuku wakanizunguka wakidhani nimekuja na punje. Hapo nilicheka. Peke yangu, lakini nilicheka.

Nikitubu, Neema anaolewa. Nikitubu, nimesema uongo ndani ya nyumba ya Mungu, na yule kijana Yona anaoa bila kujua. Hilo la pili ndilo linalonichoma. Naye ana mama.

Jumapili, 19 Juni

Mwinjilisti aliniita mbele nitubu. Nilikwenda nikishika mabenchi. Watoto walicheka. Maneno niliyopanga yote yalipotea. Nikasema sijanywa. Naumwa. Daktari amesema sitapona. Huenda ni wa ukoo, huenda siyo. Mniombee, na wakwe zangu wanisamehe kwa kuwaficha.

Mwinjilisti alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga. Mzee Samweli alijifuta macho na kofia yake. Neema alitoka kwa mlango wa pembeni.

Nimekula peke yangu.

Jumatano, 22 Juni

Neema hasemi nami. Anapika, anatenga, anaondoka. Baba yake amerudi, habari alizikuta njiani. Amekaa nje na koti lake mpaka giza limeingia. Sijutii. Naogopa tu.

Jumamosi, 25 Juni

Mama yake Yona amekuja na mwanawe, kwa miguu kutoka Ulemo. Nikajua wamefuata ng'ombe wao wa mahari.

Akaniambia nitembee. Nikatembea mpaka ghalani na kurudi. Alinitazama kama mtu aliye mnadani.

"Inauma?"

"Haiumi. Inaaibisha."

Akacheka kidogo. Kisha akamwita Neema. "Wewe ulijua?"

Neema akakubali kwa kichwa.

"Basi mwambie mwenzako kwa mdomo wako. Mama yako asikusemee kanisani, wewe upo."

Wakaenda wawili nyuma ya nyumba. Chai ikapoa. Yona aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Shikamoo, mama," kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Ndoa ipo.

Jumamosi, 9 Julai

Wamefunga ndoa. Nilikaa benchi la mbele, Baba Neema amenishika kiwiko. Wanawake walinisalimu kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio ndiyo yanayoumwa.

Neema alipopanda gari alinishika mkono akaubana. Sijui kama amenisamehe. Alipendeza sana.

Jumanne, 12 Julai

Nyumba imekuwa kubwa. Upepo tu.

Leo asubuhi Baba Neema amechimbia nguzo uani. Amefunga kamba ya katani kutoka mlangoni mpaka chooni. Kila apitaye barabarani anaiona. Na yeye ndiye aliyetaka tufiche. Alipomaliza akaivuta kuijaribu, akaenda zake shambani.

Nimetoka mchana, nimeishika. Inabeba. Wanawake wawili walikuwa wanatoka kusaga. Nikawasalimu. Mmoja akatua debe lake la unga, akaniuliza ni ugonjwa gani hasa.

Nikamwambia.