Usukani Usiopatana na Rada

Chumba Na. 6, Nyumba za Mafundi,
Gati ya Pili.
Jumatatu, tarehe 11 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Mkuu wa mradi ametangaza leo mchana, mbele yetu sote karakanani, kwamba manowari itakwenda kujaribiwa baharini Alhamisi. Nimeona nikwambie hilo kabla hata ya salamu, maana ningekuzungusha ungejua tu.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Wapwa zangu hawajambo? Huku Mama kifua kimetulia, anakula, na bado ananigombeza kwa kuingia ndani na viatu vya kazi. Mumeo mzima, ila amekonda.

Uliniuliza kwenye simu kosa liko wapi. Hapa kila karakana hujaribu mtambo wake peke yake, mingine yote ikiwa imezimwa. Ndivyo tulivyojenga meli za mizigo, na hazikutusumbua. Rada ilipita. Usukani ulipita. Mizinga ilipita. Kazi ya mumeo ni kuviunganisha viwe kitu kimoja, na siku alipoviwasha vyote pamoja, rada ilipoanza tu kuzunguka, usukani ukajigeuza wenyewe kushoto.

Nyaya za vyote viwili zimelala katika mfereji mmoja. Ofisi mbili zilichora, kila moja ikidhani nafasi ile ni yake. Sasa mfereji uko chini ya mzinga mkubwa. Kuufungua ni kung'oa mzinga na kukata sitaha, kazi ya mwaka.

Mkuu alisema kila mtambo una cheti. Mumeo akamjibu taratibu, "Mmoja mmoja, ndiyo, mzee. Hata bwana na bibi harusi wana tabia njema mpaka waishi nyumba moja." Watu wakacheka. Mkuu naye akacheka, kisha akatia sahihi manowari itoke.

Dawa waliyoipata ni hii: rada ikiwashwa, mtu atakaa chumba cha usukani, nyuma kabisa, chini ya usawa wa maji, augeuze usukani kwa pampu ya mkono akimsikiliza nahodha kwenye simu. Mizinga ikipigwa, mfuniko wa chumba hicho hufungwa kwa nje. Mtu huyo ni mumeo.

Uliposikia ni yeye, ulinituma nimwambie akatae. Nilimwambia jana tukila.

"Shemeji," akasema, "nikikataa atawekwa mtu asiyejua usukani unavutia upande gani. Huyo atawazamisha wote."

Nikamwongezea chai.

Leo nilimfuata Mkuu, nikamwomba rada izimwe siku hiyo. Akasema wageni wanakuja kuitazama rada hiyohiyo. Sitakudanganya kwamba umebaki mlango mwingine, nimebisha yote.

Amenipa pete ya ndoa nimtunzie. Anasema hukwama kwenye mpini wa pampu. Nimeifunga kitambaani, iko kabatini kwa Mama. Mama anadhani ameivua kwa sababu amekonda, nami nimemwacha adhani hivyo.

Msalimie wifi yako, dada wa mumeo, na umwambie mwenyewe, asiyasikie kwa watu. Wabusu wapwa zangu, hasa Kidosho. Mungu akupe kifua cha kuyabeba haya.

Kamba zitafunguliwa Alhamisi saa moja asubuhi. Rada itawashwa saa nne.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Fundi umeme wa Gati ya Pili.