Jioni Tatu za Kikohozi

2 Machi

Mwanangu,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu, na kwa huyo aliye tumboni ambaye nasikia anapiga mateke. Mimi mzima. Kula nakula, kulala nalala, magoti yanalalamika lakini yananifikisha. Kilichoharibika ni masikio, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Juzi uliponipigia nilikuwa najibu "ndiyo, ndiyo" tu, na mpaka leo sijui nimekubali nini. Ujumbe wa simu nao siupendi, maneno yanakatwa mikia. Dereva wa lori la nafaka akishashusha mzigo wangu anapita kwenu, amesema atatubebea barua.

Nilikwenda kwa daktari wa masikio kama ulivyotaka. Aliniingiza kwenye kijumba cha kioo, akasema nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa humo nimeshika kitufe changu kama mtu aliyesahauliwa. Baadaye akaniandikia majibu, maana kupiga kelele kulishamchosha. La kushoto limekufa. La kulia limebaki na kidogo, na hicho kidogo kinaondoka. Kelele kubwa zitakiharakisha.

Yeye na wewe mtalaumu magitaa. Mimi nalaumu mashine ya kusaga. Maisha yangu yote nimesimama kando yake, na magitaa yalikuwa kwenye redio ndogo juu ya rafu, maskini, hata hayakuwa yanasikika. Nilikuwa nadaka neno la kwanza la mstari, mashine inameza yaliyobaki, nayamalizia mwenyewe kichwani huku napima unga wa watu. Wewe ulikuwa unalala hapo hapo juu ya magunia.

Sasa habari yenyewe. Bendi yangu inakuja. Mwimbaji wao Kikohozi na ile sauti yake ya mikwaruzo, Nyundo kwenye ngoma, na wale wawili wa magitaa. Watapiga jioni tatu mfululizo uwanjani, tarehe kumi na nne, kumi na tano na kumi na sita, halafu muziki wa roki basi, kila mmoja arudi nyumbani akalee mvi zake. Tiketi za jioni zote tatu ninazo. Najua utakachosema, kwa hiyo kiseme kwa maandishi.

Mama yako


5 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo. Miguu imevimba lakini bado nasimama kaunta, duka la dawa halina mtu mwingine wa kunishikia. Mkwe wako amemchomelea mtoto kitanda cha chuma. Amesema ni chepesi. Tulikihamisha watu wanne.

Ulichokubali kwenye simu ni kuja kwetu mtoto akizaliwa. Nimekiandika hapa ili usije ukaruka.

Mama, jioni moja ningekuelewa. Tatu mfululizo, mbele ya yale maspika, na najua huwa unasimama mbele, hiyo sasa ni kwenda kulimaliza hilo sikio kwa makusudi. Mtoto anatarajiwa mwisho wa mwezi. Sikutaka kukuambia hivi kwa barua, lakini kwa simu husikii: ninachokitaka kwako si kumwogesha wala kumbeba. Watu wa kumbeba wapo. Nataka umsikie. Kikohozi umemsikia tangu mimi sijazaliwa. Huyu hujamsikia hata mara moja.

Nimekutumia vizibo vya masikio kutoka dukani, vile vya rangi ya chungwa. Kama kwenda utakwenda, na najua utakwenda, basi vaa.

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Nimepokea barua na vizibo, na nimefurahi kusikia miguu ndiyo inayokusumbua na si kingine. Kaa chini, weka miguu juu ya boksi. Wateja hawafi kwa kukuona umekaa.

Vizibo vinafanana na peremende. Jirani alikuwa ameshakitia kimoja mdomoni, tukamwahi.

Nimekusoma mara mbili. Daktari amesema hicho kidogo kinaondoka hata nikikaa kimya. Sasa nikitunze ili nisikilize nini, jokofu? Mjukuu wangu nitamwona, nitampakata, nitamjua kwa harufu. Mimi ni mtu mzima, usinipangie masikio yangu. Vizibo nitavichukua mfukoni.

Mama yako


15 Machi, asubuhi

Mwanangu,

Hujambo, na mkwe wangu, na huyo wa kitanda cha chuma? Mimi sijambo. Miguu haina kazi leo na shingo haigeuki, lakini sijambo.

Jioni ya kwanza imepita. Nilifika mapema, jua bado kali, nikapata nafasi yangu ya kawaida kwenye chuma cha mbele ya jukwaa, upande wa gitaa la besi. Daktari wa Meno alikuwa ameshafika. Huyo nimekutajia: kila onyesho tunakutana pale pale, yeye na fulana nyeusi iliyopauka, mimi na yangu, na hakuna anayejua jina la mwenzake, yeye namjua kwa kazi yake tu. Safari hii ameota kitambi na fulana imepungua. Nilimwandikia kiganjani kwa kalamu kwamba sisikii. Akanipa pole, akanionyesha jino lake la bandia. Tukawa tumemalizana.

Kikohozi amekonda. Nyundo anakaa kwenye kiti chenye mgongo. Lakini walipoanza, mwanangu, mwili wote ulinisisimka. Vizibo nilivivaa nyimbo mbili za mwanzo, kwa heshima yako. Ya tatu nikavitoa. Nimesikia kila kitu. Nimesikia besi ikishuka ngazi, nimesikia Kikohozi akivuta pumzi kabla ya kiitikio, nimesikia hata ule uzi mdogo wa juu wa gitaa ambao redio yangu haikuwahi kuutoa vizuri. Daktari wa masikio na kijumba chake cha kioo akae nacho. Nililia kidogo, sikuona aibu, watu wazima wengi walikuwa wanalia.

Sikio la kulia linavuma tangu nilipoamka. Litatulia. Leo naenda ya pili.

Mama yako


15 Machi

Mama, shikamoo.

Mtoto amezaliwa jana jioni, kabla ya wakati. Wa kike. Mzima, mdogo, ana nywele nyingi. Mimi pia mzima, nimeshonwa, nimelala. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta wa wodi na mkwe wako ndiye anayempelekea dereva barua hii.

Tulikupigia simu. Iliita. Nadhani ulikuwa uwanjani.

Analia sana. Muuguzi anasema hajasikia mtoto mdogo hivi mwenye sauti kubwa hivi. Nimemwambia ingekuwa vizuri angekuwepo bibi yake.

Sikuandikii kwa hasira. Nimechoka tu.

Binti yako


16 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata asubuhi hii. Hongera. Nimesoma "wa kike" nikakaa chini kwenye gunia. Hongera na mkwe wangu, na pole ya kushonwa.

Hii nitakupa mkononi, nikiwa nimekaa mbele yako. Dereva ameniwekea nafasi ndani ya lori mchana huu. Naandika kwa sababu nikieleza kwa mdomo utaniuliza maswali, na mimi sitasikia maswali, na tutaishia kulia wote wawili. Soma mpaka mwisho halafu unipe mtoto.

Jana walipiga vizuri kuliko juzi. Walipofika kwenye ule wimbo mrefu, ule niliokuwa nazima mashine ili niusikilize na wateja wananuna, nikafumba macho. Huwa nafumba pale gitaa linapoanza kuongea peke yake. Nikawa naimba, nacheza, nimeinua mikono. Gitaa likaenda, likarudi, Nyundo akaingia na zile ngoma zake nzito, Kikohozi akachukua ubeti wa mwisho. Kitu kizima, hakuna kilichopotea.

Daktari wa Meno akanigusa bega. Nikamtoa mkono. Akanigusa tena. Nikafungua macho.

Jukwaani hakuna aliyekuwa anapiga. Kikohozi amekaa juu ya spika anafuta jasho. Nyundo anakunywa maji. Vijana wa mitambo wanakimbia na waya. Mashabiki wa karibu wote wamegeuka wananitazama mimi, wengine wanapiga makofi. Daktari wa Meno akaandika kwenye simu yake, akanionyesha: "Mama, umeme umekatika tangu ubeti wa kwanza."

Mimi nilikuwa kwenye ubeti wa mwisho, mwanangu. Na nilikuwa nimeusikia.

Umeme uliporudi nikafanya jaribio. Nikavaa vizibo, nikaziba na viganja juu yake, nikabana. Wimbo ukaendelea vile vile, wala haukupungua. Nikatoa vyote. Vile vile. Nikaelewa kwamba juzi sikusikia ule uzi mdogo wa juu. Sikusikia Kikohozi akivuta pumzi. Sijui juzi nilisikia nini. Kifua kilikuwa kinatetemeka kwa maspika, na mengine yote nilikuwa nayo tangu zamani. Nilikwenda kutumia sikio langu la mwisho kwa watu ambao hawalihitaji kabisa.

Nikaogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku mkanda wa mashine ulipokatika ukanipita usoni. Niliwaza: huyu mtoto kichwani kwangu hayupo. Likizima kabla sijamsikia, hakuna cha kumalizia.

Tiketi ya leo nimempelekea Daktari wa Meno kwenye gesti alikofikia, ampe mkewe. Alishangaa sana. Akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mtoto.

Sasa nipe. Upande wa kulia.

Mama yako


20 Julai

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako anakua, kitanda cha chuma ameshakipiga mateke mpaka kinalia. Mkwe wako anasalimu. Nimerudi kaunta, jirani anamshika mchana.

Tangu uondoke nimetaka kuandika na nimekuwa nikiahirisha. Nilipokuwa nawe sikuweza kusema vizuri, na wewe ulikuwa na kazi yako. Nakiri ilinichukua siku nyingi kukuelewa. Mtoto analia, mimi nakimbilia kumnyonyesha, wewe unanizuia kwa mkono, "Mwache kwanza." Umemweka begani kulia, mdomo wake sikioni kwako, umefumba macho. Mkwe wako alinivuta jikoni akaniuliza kama mama yangu ana roho mbaya. Majirani waliuliza kama tunamfinya. Muuguzi aliyekuja kumpima alikukemea, wewe ukamjibu "ndiyo, ndiyo."

Siku moja mtoto alikuwa amelala na mimi nilikuwa bafuni. Nikasikia analia. Nikatoka mbio, nikakuta amelala fofofo, na wewe umekaa dirishani unalia kilio chake. Ile namna anavyoanza kwa kukwama mara mbili, kisha anapanda, kisha anakatika katikati kama amesahau alichokuwa anadai. Ulikuwa umekosea pale katikati ukarudia tena. Nilisimama mlangoni na maji yananitiririka. Siku ile ndipo nilipoacha kukukasirikia.

Sasa nina habari. Ameanza kucheka. Si kutabasamu, ni kucheka kwa sauti, mkwe wako akipiga chafya. Alianza wiki ileile uliyoondoka. Hilo sikio vipi? Njoo tena, au tuje sisi. Usiniambie litatulia.

Binti yako


2 Agosti

Mwanangu,

Salamu kwenu wote, na kwa mchekaji. Mimi mzima wa mwili. Mashine sasa anaendesha jirani, mimi nakaa mlangoni napokea magunia. Watu wananiandikia kwa chaki ukutani, na wengine wameanza kuandika umbea.

Sikio limezima. Hakikuwa kitu cha kishindo. Niliamka nikaenda kuwasha mashine, nikaona mkanda unazunguka na unga unatoka, na kumbe ndiyo hivyo. Nimekaa nalo kwanza kabla ya kukuandikia. Siku mbili nilikuwa na hasira na kila mtu, hata dereva. Sasa nimepoa.

Kilio chake ninacho. Kila siku nakipitia, asubuhi kabla ya kufungua, na hakijaharibika. Kile cha njaa, kile cha usingizi, na kile cha bila sababu. Nyimbo za Kikohozi nazo zipo lakini siku hizi siziiti sana, zinakuja zenyewe nikiwa nafagia.

Kicheko sina. Tangu nisome barua yako nimejaribu kukitengeneza kutoka kwenye kilio, nikipunguza huku, nikipandisha kule. Kinakataa, kinatoka kilio tu. Nimeumia, sitakuficha. Nilimwahi kwa kilio nikamkosa kwa kicheko, na nilikuwa na jioni mbili nzima nilizozigawa ovyo.

Kuja mje. Lakini kabla hamjaja nifanyie hili. Akicheka, usimpige picha. Kaa naye, sikiliza, halafu niandikie kinavyokwenda. Kinaanzia tumboni au puani? Kinapanda au kinashuka? Anakata wapi pumzi? Kinarudiwa mara ngapi kabla ya kuisha, na kikiisha kinaishia hewani au kinafungwa? Kuna mkwaruzo? Andika polepole, na usiniambie kwamba ni kizuri, hilo halinisaidii chochote.

Mama yako