Kabla ya Kutupa Ndoana Kilombero

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Ifakara tu wazima. Mpunga umechanua na kikohozi cha babu yako kimepoa.

Umeuliza kama likizo hii wewe na wenzako mnaweza kuvua mtoni bila leseni wala jaketi la kuokolea, kwa kuwa ni matembezi ya siku moja tu.

Nilipokuwa binti wa shule, mjomba wangu mvuvi alitupeleka mimi na dada yangu Rosa kuvua. Tulipofika katikati ya maji, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo la kuusukumia, akatazama mbele.

“Mjomba, unambishia nani hodi?” Rosa akamtania.

“Wenye nyumba.”

Akagonga tena. Pale pale tulipotaka kutupa ndoana, kiboko akainua kichwa, na mtoto wake ubavuni. Mjomba akageuza mtumbwi polepole. Rosa akalia, maana tulikuwa tumetembea kwa miguu tangu kijijini Namawala kwa ajili ya siku ile.

“Lia tu, mwanangu,” mjomba akasema. “Nitakurudisha kwa mama yako huku unalia, lakini nitakurudisha.”

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Mkija, tutaanzia ofisi ya uvuvi, tuchukue leseni na kuuliza panaporuhusiwa. Majaketi nimeshawatafutia. Mvuvi atakayewapeleka namjua, naye hugonga. Akisema turudi, tutarudi, na samaki tutanunua sokoni.

Waambie mama zao kwamba nitawarudisha wote.

Bibi yako