Ugonjwa Usiomo Kwenye Karatasi ya Ukutani

Shoga, sikia haya. Daktari wa wodi ameingia na faili ofisini kwetu, tunakoandika namba ya kila ugonjwa, akauliza mbele ya watu wote: "Nani amempa huyu mama namba ya kifua kikuu?"

Faili lina jina langu!

Majibu ya maabara yalisema nokadia, bakteria adimu. Nilitafuta namba yake kitabuni, nikaiandika. Bosi akaifuta. "Mdogo wangu, hiyo haimo kwenye karatasi ya ukutani. Si anakohoa? Ni kifua kikuu." Akaandika namba hiyo mwenyewe.

Karatasi ya ukutani, shoga! Orodha ya magonjwa arobaini tu na namba zake, kana kwamba bakteria huisoma kwanza ndipo waingie mwilini.

Wodi hutoa dawa kwa kufuata namba, na mama wa watu amemeza zisizo zake siku tisa. Homa haishuki.

Na bosi yupo pale pale, anachezea simu. Nikamsubiri aseme. Akazidi kubonyeza.

Basi nikasema, polepole tu: "Daktari, mimi niliandika nokadia. Kompyuta inaonyesha aliyebadilisha." Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe.

Bosi akanong'ona, "Kumbe nawe una mdomo."

Mama anaanza dawa zake leo jioni. Mimi nimeitwa kesho saa mbili asubuhi kujieleza kwa nini nimemwaibisha bosi mbele ya watu, na radhi siombi.