Diski Niliyoichagua Bila Wewe

Dada Mwanaidi,

Nimechoka. Ningependa kuanza kwa salamu ndefu, kama ulivyonifundisha kuwaandikia wateja, lakini leo sina nguvu hiyo. Nina kosa la kukueleza. Nimelizungusha kichwani wiki nzima.

Ni mwezi wa nane tangu tukuzike. Chumba chetu cha video hapa Mlandege bado kipo. Mama yako, Bi Salma, alikataa kumpangisha mtu mwingine. Baada ya arobaini alinikabidhi kamera na laptop yako, akasema, "Tupokigwe, endelea na kazi ya mwenzio." Nimeendelea. Nabeba stendi ya kamera mwenyewe, napatana na wateja mwenyewe, na nikikosea hakuna wa kunikata jicho.

Laptop ndiyo iliyoanza kusumbua. Ilikuwa imejaa: harusi, kipaimara, jubilei, mazishi, kazi yako yote imo humo. Asubuhi nikiiwasha, nafagia chumba na kupiga deki ndipo inafunguka. Kisha ikaanza kugonga kwa ndani, tik, tik. Nikampelekea Yasini, fundi kompyuta wa chumba cha jirani. Akaitegea sikio kama daktari.

"Diski ya mashine hii inakufa, dada," akasema. "Nunua diski ya nje, hamisha kila kitu upesi."

Wiki hiyo hiyo mama yangu aliugua, nikaenda kumwona Mbeya. Wakati wa kurudi, karibu na stendi, nikamkuta mtu ametandaza vitu vyake juu ya turubai: chaja, redio, spika za masikioni, na diski moja ya bluu, nyembamba, inaenea kiganjani. Juu yake imeandikwa ukubwa wa kutosha kazi zako zote na nyingine mara tatu. Gari lilikuwa linapiga honi. Nikanunua. Sikuuliza swali hata moja.

Wewe ungeuliza ishirini. Nakumbuka siku ile tulipokwenda kununua maikrofoni. Ulimfanya mwenye duka afungue boksi, ukaichomeka kwenye kamera, ukasoma ukurasa mzima wa habari za mpira, kisha ukarudia kusikiliza ulichosoma, neno kwa neno. Wateja wengine walikuwa wanasubiri nyuma yetu. Nilikuonea aibu, Dada. Nisamehe.

Nilihamisha kazi kwa siku mbili. Nikafungua tatu za mwanzo, zikacheza vizuri. Nikaridhika. Na kwa kuwa nilikuwa na harusi Mafinga, nikahitaji nafasi kwenye laptop, nikafuta. Kwa mkono wangu mwenyewe nikafuta.

Baada ya Mafinga akaja Mama Neema kutoka Tosamaganga. Uliwarekodi yeye na mumewe kwenye jubilei yao ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Baba Neema, yule seremala mrefu, alifariki kipindi cha mvua. Nakala uliyowapa iliharibika zamani. Mama wa watu akakaa kwenye kiti chako, akaweka kikapu chini.

"Picha ninazo, mwanangu," akaniambia. "Nataka nimsikie akiongea."

Nikachomeka diski ya bluu. Jina la jubilei lipo, ukubwa wake upo. Nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza ya kabla yake, na ya baada yake. Hakuna kitu. Nikamdanganya kwamba mashine ina joto, arudi Jumatano. Alivyoondoka nilifunga mlango nikakaa sakafuni.

Yasini aliifungua ile diski kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na kadi ndogo kama ya simu, imebandikwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Kadi ilipojaa iliendelea kuandika majina tu. Zile tatu nilizojaribu ndizo zilizowahi nafasi.

"Vilivyofutwa huenda bado vipo kwenye laptop," akasema, "kama hujaandika kitu kingine juu yake."

Nikamwambia kuhusu harusi ya Mafinga. Akaifunika laptop.

"Basi tutapata tutakachopata. Usiiwashe tena. Nitafutie diski mpya, ya kweli, maana siwezi kuvirudisha humo humo vilimofutwa."

Ndipo nilipojifunza kuchagua, nikiwa nimeshaharibu. Dukani mjini walinionyesha aina mbili. Moja ina sahani inayozunguka ndani. Inabeba vingi kwa bei nafuu, lakini ikianguka inapofanya kazi, unaweza kupoteza vyote. Nyingine haina kinachozunguka. Ni ndogo, ina kasi, haiogopi sana mtikisiko, ila kwa bei ile ile unapata nafasi kidogo. Nikawaza barabara tunazopita kwenda kwenye harusi za watu, na begi langu linavyorushwa huku na huku. Nikawaza pia wingi wa kazi zako. Nikachukua zote mbili. Inayozunguka inakaa nyumbani kwa Bi Salma, kabatini, haitoki. Ndogo natembea nayo. Kila kazi inakuwa sehemu mbili.

Safari hii niliuliza. Kama waya wake unaingia kwenye laptop ya zamani. Kama kuna karatasi ya dhamana. Nikaomba tuzijaze palepale mpaka mwisho, kisha tufungue vilivyoingia mwisho. Mwenye duka alikunja uso. Nilikaa kwenye benchi lake toka asubuhi mpaka adhuhuri, sikuona aibu.

Yasini alifanya kazi siku nne. Vingi vimerudi, Dada. Jubilei imerudi nusu.

Jumatano ilikuwa imeshapita, kwa hiyo nilimfuata Mama Neema kwake. Nilimweleza yote kabla hata sijatoa begini kompyuta niliyoazima kwa Yasini: kwamba mashine haikuwa na joto, kwamba nilifuta mwenyewe. Alinisikiliza huku akimenya viazi. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Weka hiyo nusu."

Keki haipo. Zawadi hazipo. Lakini Baba Neema yupo, amesimama na suti yake kubwa, anashukuru wageni, anasahau jina la padri. Mama Neema akacheka mpaka akakohoa. Halafu nikakusikia wewe, nyuma ya kamera: "Baba, sogea kwa mama. Mbona unamkalia mbali hivyo?" Na yeye akasogea.

Mama Neema aliniomba nirudishe hapo. Nikarudisha. Viazi vilipoa kwenye maji, na mimi nilikuwa nalia kwa ajili yako sebuleni kwa mtu aliyefiwa na mumewe.

Alinisindikiza hadi njiani, akanipa mahindi mabichi. Hakuniambia kwamba si kitu. Aliniambia, "Umefanya vizuri kuja."

Kuna harusi tatu hazikurudi kabisa. Familia mbili nimeshaziona. Moja ina nakala yake, nyingine waliniambia maneno makali na nilistahili. Ya tatu ni ya Kilolo. Bibi harusi yule alikupigia simu hata ulipokuwa hospitali, kukuombea. Yeye sijamwambia. Mara mbili nimevaa viatu, mara mbili nimevivua.

Pumzika, dada yangu. Ulifanya kazi ukiwa mgonjwa na hukutuambia. Sasa hakuna anayekudai harusi. Jumamosi nitapanda gari la Kilolo. Nitamwambia ukweli nikiwa mbele yake, si kwa simu, na sitataja ugonjwa wa laptop wala mwuza diski. Nitasema nilifuta mimi.

Wako,
Tupokigwe