Asante kwa Jicho Langu la Kushoto

Gesima, Nyamira,
14 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Maureen,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo huko Halifax, na kazi ya uuguzi inakutendeaje? Sisi tu wazima. Mvua ni njema, na majani ya chai yanachipuka mengi kuliko mikono ya kuyachuma.

Nimeandika barua nyingi za hasira: kwa wahariri, kwa kaunti, hata kwa askofu. Hii ni ya shukrani, kwa hiyo nivumilie nikijikwaa.

Jicho langu la kushoto lilitiririka machozi mwaka mzima. Nililikanda kwa majani ya chai yaliyopoa, kama wengi hapa, na aliyenipinga nilimmwagia hotuba. Kwenye mazishi ya Obwocha, hasimu wangu wa siasa, watu walinong'ona, "Tazama, Haron analia kwa jicho moja. Lile jingine bado lina kinyongo."

Kisha uvimbe mwekundu ukatokea kando ya pua, pamoja na homa. Angwenyi, jirani anayepasua majipu ya ng'ombe kutoka hapa hadi Nyansiongo, alishachemsha wembe, nami nilishaketi, ulipopiga simu nikakusimulia. "Mjomba, akikugusa hapo kwa wembe, mimi si mpwa wako tena! Nenda Kisii leo!" Hakuna mhariri aliyewahi kuninyamazisha hivyo. Angwenyi alimaliza chai yake akaenda zake.

Daktari wa macho mjini, Chandni, binti wa mwenye duka la vitambaa, alianza na dawa za kuua vijidudu. Nilimbishia kwamba jicho linatoa machozi kupita kiasi, anipe ya kulikausha. Akacheka. "Mzee, chemchemi haina kosa. Mtaro ndio umeziba."

Akanionyesha kwa kioo vitundu viwili karibu na pua, kimoja kwenye kila kope, vidogo kama ncha ya sindano. Machozi huingia humo, hupita vijifereji hadi kwenye kifuko kando ya pua, kisha mfereji mmoja huyashusha ndani ya pua. Ndiyo maana anayelia hutokwa na kamasi. Nimesoma siasa za dunia nzima, na sikujua njia iliyo chini ya miwani yangu!

Homa ilipokwisha, alisukuma maji ya chumvi kwa bomba la sindano kwenye kitundu cha chini. Yakarudi kupitia cha juu. Mfereji ulikuwa umefungana, kifuko kimejaa usaha. Wembe, alisema, ungeacha kidonda cha kuvuja shavuni, na maradhi yangeweza kuenea nyuma ya jicho. Nilishika kiti kwa mikono miwili.

Mwezi uliopita walinifanyia upasuaji, wakafungua njia mpya kutoka kwenye kifuko kupitia mfupa hadi puani. Jana Chandni alisukuma maji ya chumvi tena. Yakapita puani, yakafika kooni. Maureen, sijawahi kumeza kitu kitamu kama chumvi ile.

Jacinta, mke wangu, na jirani yetu Mama Orpah wanakusalimu. Msalimie mumeo Alfayo. Mungu aulinde ukali wako.

Mjomba wako akupendaye, mwenye macho mawili,
Haron